Seva iko chumba cha pili, faili hazifunguki

Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu yake ofisi nyingi ziligundua kwamba barua iliyoandikwa Ijumaa na karani wa meza ya jirani haifunguki, kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa Ulaya au Marekani. Mwaka uliofuata, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Safari hiyo hakuna mkongo uliokatika.

Swali la taasisi kuweka seva yake ya faili lilikuwa la vijana wa TEHAMA peke yao. Sasa wakuu wa vyuo na wahasibu nao wanaliuliza, na kama kuna mahali linapostahili kuulizwa ni Tengeru. Wapita njia wa barabara ya Arusha hadi Moshi wanaijua Tengeru kwa ndizi na kwa soko la Jumatano na Jumamosi. Lakini nyuma ya migomba hiyo ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, inayofundisha shahada za uzamili na uzamivu tu. Kipo kituo cha utafiti cha TARI ambacho wenyeji bado wanakiita Horti. Kipo Kituo cha Mboga cha Dunia, kilichoanza kazi hapa mwaka 1992 na kinachotunza mbegu za mnafu, mchicha na ngogwe. Ipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kampasi ya mifugo ya LITA, na Patandi wanakofundishwa walimu wa elimu maalumu. Majirani wa namna hii huzalisha faili kila siku ya kazi: matokeo ya mitihani, picha za vitalu vya majaribio, orodha za wanafunzi, mahojiano ya vijijini yaliyorekodiwa kwa simu.

Jibu langu ni kwamba seva ya ndani inawafaa, ila kwa sababu ambayo wauzaji hawaitaji, na kwa gharama ambayo hawaiandiki kwenye ankara.

Wanachotaja ni bei. Kompyuta ya ofisini iliyotumika, moja ya zile zinazoshuka kwa makontena, diski mbili na UPS vinatosha taasisi ya watu hamsini. Mfumo endeshi wa Debian hauna ada. Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikishana faili iliyozaliwa mwaka 2016 baada ya Frank Karlitschek kuiacha ownCloud aliyoianzisha mwenyewe, nayo haina ada. Mashine ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana inakula kama uniti 29 kwa mwezi; kwa bei ya kawaida ya TANESCO, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni shilingi elfu kumi na kidogo. Mkuu wa chuo akiiona hesabu hii anatabasamu. Mshahara wa anayeiangalia mashine haujaandikwa bado.

Upande wa pili, huduma za bure nazo zimepungua ukarimu. Februari 2021 Google ilitangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo iliyokuwa ikiwapa vyuo na shule inakwisha, na kwamba kuanzia Julai 2022 taasisi nzima itagawana terabaiti 100. Kwa chuo cha ualimu hizo hazitaisha leo wala kesho. Kwa maabara inayopiga picha za mashamba kwa droni na kusoma vinasaba, ni suala la miaka.

Sababu nyingine inayotajwa kwa sauti kubwa ni kwamba data zetu zibaki nyumbani. Hapa inabidi kutenganisha. Watafiti wa Nelson Mandela wamekusanya picha za majani ya mahindi na migomba, na hata za vinyesi vya kuku, ili kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa, kisha wakaziweka wazi kwenye hifadhi za nje kama Zenodo na Harvard Dataverse. Ni vizuri zikae huko huko, kwa kuwa data iliyochapishwa inataka kuonekana na kila mtu. Kinachohitaji kukaa karibu ni kazi ambayo haijaiva, na taarifa za watu: namba za simu za wakulima waliohojiwa, vyeti vya hospitali vya wanafunzi, mishahara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haikatazi moja kwa moja kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi. Inaweka masharti, na kuna Tume ya kuyasimamia. Seva yako mwenyewe inakupunguzia maswali ya kusafirisha, na papo hapo inakuongezea maswali ya kulinda, maana zikivuja hakuna kampuni ya nje ya kunyooshewa kidole. Taasisi za umma zina mlango mmoja zaidi wa kupitia, Mamlaka ya Serikali Mtandao, na ni afadhali kuugonga kabla ya kununua kuliko baada ya ukaguzi.

Sababu ninayoiamini mimi ni umbali. Mtafiti wa Tengeru akihifadhi picha kwenye huduma ya nje, picha inashuka kwa mkongo wa taifa hadi pwani, inapita baharini, inatua kwenye jengo asilolijua. Mwenzake wa meza ya pili anaivuta kwa njia ile ile kurudi. Waya wa kawaida wa mtandao wa ndani, wa gigabiti moja, unabeba kama megabaiti 110 kwa sekunde na hauna habari na bahari. Arusha ililielewa hili zamani. Miaka ya 1990, kabla ya mkongo wowote wa baharini kugusa pwani yetu, palikuwa na Arusha Node Marie, mtambo wa barua pepe wa watumiaji wenyewe ambao baadaye ulizaa kampuni ya Habari Node. Halafu mji ukapata AIXP, kituo cha kubadilishana mtandao, ili ujumbe wa kutoka Njiro kwenda Sakina usilazimike kuzunguka ughaibuni. Kama watumishi wenu wengi wanafanyia kazi nyumbani, mwulizeni mtoa huduma wenu kama ameunganishwa hapo. Swali hilo halina gharama na linaweza kuwaokolea mzunguko wa kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Kama umbali ndio sababu, basi seva ina mtihani mmoja wa kuupita kabla ya mingine yote: intaneti ikikatika, kazi iendelee. Seva nyingi za ofisi hufeli hapa, na hufeli kimya kimya, kwa kuwa siku ya makabidhiano kila kitu kinafanya kazi.

Inakuwa hivi. Fundi anaisajilia seva jina la mtandaoni. Mtoa huduma wa intaneti, hasa wa mitandao ya simu, huwafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo seva ya Tengeru haifikiki kutoka nje moja kwa moja. Fundi anatafuta mpatanishi: kompyuta ya kukodi Ulaya, au huduma ya kupitisha mawasiliano kwa handaki. Jina la seva linaelekezwa kwa mpatanishi huyo. Mkurugenzi anafungua faili kwa simu akiwa Dodoma, anafurahi, hundi inasainiwa. Asichojua ni kwamba hata kompyuta ya katibu muhtasi wake, iliyopakana ukuta na seva, inakwenda Ulaya kwanza ndipo irudi chumba cha pili. Siku mkongo unapokatika, taa za seva zinawaka, diski zinazunguka, na faili hazifunguki.

Dawa yake si ghali. Ndani ya ruta au kwenye seva yenyewe kuna DNS ya ndani, kazi ambayo dnsmasq au Unbound huifanya vizuri, inayojibu kwamba jina hilo liko kwenye anwani ya ndani kwa yeyote aliye ndani ya uzio. Aliye nje anaingia kwa WireGuard, njia ya siri inayompa kiti ndani ya mtandao wa ofisi bila kufungua mlango kwa dunia nzima. Vivinjari vingine siku hizi huuliza DNS yao ya nje bila kumwuliza mwenye nyumba, kwa hiyo mpangilio huo uzimwe kwenye kompyuta za ofisi. Watumiaji waingie kwa nenosiri linalotunzwa hapo hapo. Kama wanaingia kwa akaunti ya Google, intaneti ikifa na mlango umefungwa. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt hudumu siku 90 na kwa kawaida hujihuisha zikiwa zimebaki 30, hivyo wiki moja ya giza haina madhara.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Saa nne asubuhi siku ya kazi, chomoa waya wa intaneti kwenye ruta na uache watu waendelee. Ningeandika kwenye mkataba kwamba malipo ya mwisho ya fundi yanatoka baada ya saa moja ya hali hiyo bila mtu kulalamika.

Umeme ni jambo la pili, na hapa wenyeji hawahitaji kuelimishwa sana. Aprili 1, 2024 hitilafu ya gridi ya taifa iliiacha nchi gizani, na kabla yake ulikuwepo mgao. Wengi hununua UPS wakafikiri wamemaliza. UPS ndogo inashikilia dakika chache tu. Faida yake ni kuipa seva nafasi ya kujizima kwa heshima. Ili ijizime inahitaji kuambiwa, na anayeiambia ni waya wa USB unaotoka kwenye UPS kwenda kwenye seva, pamoja na programu ya NUT inayosikiliza. Waya huo mara nyingi hubaki ndani ya boksi. Bila waya, betri inaisha, mashine inakatika katikati ya kuandika, na hifadhidata ya Nextcloud inaweza kuharibika hata kama picha zote ziko salama. Weka pia mpangilio wa mashine kujiwasha umeme ukirudi, la sivyo Jumatatu itakuwa ya kutafuta mwenye ufunguo wa chumba. Na kwa kampasi zenye majengo yaliyotawanyika chini ya miti mikubwa kama za Tengeru, waya wa shaba kutoka jengo hadi jengo unaialika radi ya masika. Kati ya majengo tumia nyuzi za kioo, haziutambui umeme.

Hali ya hewa, tukiri, inatupendelea. Huku kwenye mitelemko ya Meru chumba chenye kivuli na dirisha la wavu kinatosha pale ambapo Dar es Salaam wangelipia kiyoyozi mwaka mzima. Adui ni vumbi la kiangazi.

Kwenye diski nitakuwa mkali. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zinazouzwa kwa ajili ya seva ndogo, zilitumia SMR, mtindo ambao njia za kuandikia zinapandana kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo hutulia siku za kawaida na hulemewa siku ile unapoingiza diski mpya badala ya iliyokufa, yaani siku unayozihitaji. Soma namba kamili ya modeli kabla ya kulipa. Na diski za nje au flashi zinazodai terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana ni feki: zinapokea faili zote na kuziandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya f3 huzikamata kabla hazijakukamata wewe.

Diski mbili zinazoandika kitu kimoja kwa pamoja zinakukinga na kifo cha diski. Hazikukingi na kidole. Mtu akifuta folda, imefutika kote kuwili. Virusi vikifunga faili, vinazifunga pande zote. Pipa la Nextcloud hushikilia vilivyofutwa kwa takriban siku 30, na nafasi ikibana huvitupa mapema zaidi. Wala kulandanisha na kompyuta mpakato si nakala rudufu, kwa kuwa ufutaji nao unalandanishwa kwa uaminifu ule ule.

Septemba 26, 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kiliungua. Moto ulianzia kwenye betri za lithiamu za UPS. Miongoni mwa vilivyoteketea ni G-Drive, hifadhi ambamo watumishi wa umma walikuwa wameelekezwa kuweka nyaraka zao za kazi: terabaiti 858, na nakala rudufu haikuwepo, maelezo yakiwa kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Ile ilikuwa seva ya wenyewe, nyumbani kwao, katika moja ya nchi zenye intaneti ya kasi kuliko zote duniani. Ningependa kila anayesema data zibaki nyumbani aongeze kwamba zikae katika nyumba mbili.

Kwa Tengeru nyumba ya pili ina hesabu yake. Terabaiti moja kwenye laini inayopandisha megabiti kumi kwa sekunde inachukua zaidi ya siku tisa, usiku na mchana, bila mtu mwingine kuitumia laini hiyo. Kwa hiyo nakala ya kwanza isafiri kwa gari, ndani ya diski, na baada ya hapo mtandao ubebe mabadiliko ya kila usiku tu. Programu ya restic huifunga nakala kwa ufunguo kabla haijatoka kwenye seva, na hapo linafunguka jambo ambalo majirani hawa wangeweza kulifanya bila mfadhili yeyote: chuo kimoja kitunze nakala iliyofungwa ya kingine, na kingine vivyo hivyo, kwa mwendo wa miguu. Asiye na ufunguo anaona takataka tupu. Hilo linatatua wizi, moto wa jengo na paa linalovuja. Nakala ya tatu iende Moshi au Dodoma. Volkano siiweki kwenye hesabu. Meru ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910.

Kinachonakiliwa ni vitu vitatu, na mafundi wengi hukumbuka kimoja. Folda ya data ni ya kwanza. Hifadhidata ni ya pili, inayojua faili ni ya nani na nani ameruhusiwa kuiona. Ya tatu ni faili ndogo ya mipangilio, config.php, yenye siri za mfumo. Ukiwasha usimbaji wa seva kisha ukapoteza funguo zake, data yako ipo na haisomeki milele. Kila baada ya miezi mitatu chukua kompyuta tupu, rejesha kila kitu, mwite mhasibu afungue jedwali lake la mwezi uliopita. Akilifungua, nakala ipo.

Sasa ile gharama isiyo kwenye ankara. Nextcloud hutoa matoleo makubwa kadhaa kwa mwaka, na kila moja husaidiwa kwa takriban mwaka mmoja. Kuruka toleo hakuruhusiwi. Unapanda moja moja, na njiani PHP na hifadhidata navyo vinadai vipandishwe. Fundi aliyeweka seva vizuri akipata kazi kwingine, seva itaendelea kufanya kazi bila yeye, na hilo ndilo tatizo. Miaka miwili baadaye ni mashine yenye matundu yanayojulikana dunia nzima, na kuipandisha ni kazi ya wiki anayoiogopa kila anayeitwa. Januari 2022 kundi la DeadBolt lilizifunga kwa fidia hifadhi za QNAP zilizokuwa zimeachwa wazi kwa intaneti. Ni aina ya mashine ambayo ofisi ndogo ni rahisi kusahau kwamba inayo.

Arusha ina mfano wa kumbukumbu zilizopewa watu. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda ilipofungwa mwishoni mwa 2015, nyaraka na rekodi zake hazikuachwa chumbani. Zilikabidhiwa kwa taasisi iliyorithi kazi zake, ambayo Novemba 2016 ilifungua majengo yake Lakilaki likiwemo la kumbukumbu, pamoja na watunzaji ambao kazi yao ni hiyo. Bajeti ya Umoja wa Mataifa hatuna, lakini mpangilio wa kazi hauhitaji dola: jina la mtu kwenye waraka, na jina la wa pili anayejua yote anayojua wa kwanza. Nenosiri kuu likae ndani ya bahasha iliyosainiwa kwenye sefu ya mhasibu. Mabadiliko yote yaandikwe kwenye daftari la karatasi. Anayeacha kazi akaunti yake ifungwe siku ile ile anaporudisha kitambulisho.

Taasisi isiyoweza kutaja majina mawili, ushauri wangu ni kwamba isiweke seva hii. Ilipie huduma ya nje, na kwa zile siku za giza iwe na kompyuta moja yenye Samba, programu ya kushirikishana faili ndani ya ofisi, kwa ajili ya faili za wiki hii, isiyofikika kabisa kutoka nje. Mlango wa 445 inaoutumia ukionekana na dunia, kumbuka virusi vya WannaCry vya Mei 2017. Au majirani wawili watatu wamwajiri mtu mmoja kwa pamoja. Kutoka Patandi hadi Nelson Mandela hahitaji hata nauli kubwa ya daladala.

Diski zipangiwe bajeti tangu mwanzo, kwa sababu mwaka wa nne au wa tano zitaanza kufa, na zilizonunuliwa pamoja hupenda kufa karibu karibu. Ile iliyokufa isiende kwa fundi wa mtaani wala isirundikwe stoo na viti vilivyovunjika. Kufa kwa diski mara nyingi si kufa kwa data yake. Majina, namba za simu na matokeo bado yako juu ya sahani, na Sheria haitofautishi seva iliyodukuliwa na diski iliyookotwa. Itobolewe kwa drili, mashimo mawili au matatu kupitia sahani zote, mbele ya shahidi, na namba yake ya utambulisho ikatwe kwenye daftari la mali.